Kutoka Gumzo la WhatsApp Hadi Meza ya Karani: Namna ya Kuendesha Mjadala wa Sera Katika Wadi Yako

Kila kaunti inapotangaza kuwa inapokea maoni ya wananchi, simu yangu haipumziki. "Tufungue kikundi?" "Tupige kura humo humo?" "Tukishabishana, tunapeleka wapi?" Maswali ni yale yale, kutoka Jomvu hadi Timbwani, na nimechoka kuyajibu mmoja mmoja. Nimeongoza mijadala ya namna hii kwa miaka kadhaa upande wa Kisauni, hapa Mombasa. Mingine ilifika ilikokusudiwa. Mingine iliishia kwenye vikatuni vya kucheka na watu wawili kutosalimiana msikitini.

Namwandikia anayeanza: una simu, una majirani, na kuna mswada au mpango wa kaunti unaowagusa. Sikupi somo refu la demokrasia. Jua tu kwamba huombi hisani. Katiba ya Kenya ya 2010, vifungu vya 10, 196 na 201, inataka wananchi washirikishwe katika kazi za bunge la kaunti na katika mambo ya fedha za umma. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 nayo inayataja majukwaa ya teknolojia ya mawasiliano miongoni mwa njia za kufanya hivyo. Anayekwambia "hayo ya WhatsApp si maoni" ana nusu ya haki: gumzo halihesabiwi mpaka liandikwe, litiwe saini na lifike kabla ya tarehe. Kazi yote ya hatua zilizo hapa chini ni kulifikisha.

Mfano nitakaoutumia ni ada ya mikokoteni. Namba za vifungu nimezibuni. Mazungumzo ni ya aina niliyoyasikia mara nyingi.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Hati kamili: mswada, bajeti au mpango wenyewe. Skrinishoti ya ukurasa mmoja iliyoforwadiwa mara kumi haitoshi.
- Tarehe ya mwisho ya kupokea maoni, na jina la ofisi inayoyapokea.
- Watu watatu: mwongozaji, mwandishi na mchunguzi wa ukweli. Usiwe wote watatu peke yako. Mimi nilijaribu mara moja, nikajikuta saa saba za usiku nabishana na mtu ambaye hata wadi yetu si yake.
- Laini ya simu ya kando. Namba yako ya kila siku ukiiweka wazi, utapigiwa na watu wa siasa mpaka uchaguzi ujao.
- Bando ya siku tano kwa kila mmoja wa hao watatu.
- Daftari la karatasi. Stima hupotea, simu huibwa, na karani wa kweli hategemei betri.

Hatua ya 1: Hakikisha jambo ni la kaunti

Nusu ya mijadala niliyoiona ikizama ilizama hapa. Watu wanachemka wiki nzima juu ya feri ya Likoni, wanaandika barua nzuri, wanaipeleka kaunti, wanaambiwa feri ni ya serikali ya taifa. Bandari pia. Polisi pia. Shule za msingi pia. Ya kaunti ni masoko, leseni za biashara, taka, maegesho, chekechea, hospitali za kaunti, barabara za mitaa na usambazaji wa maji. Orodha yote iko kwenye Jedwali la Nne la Katiba. Isome kabla hujamwita mtu.

Maji ndiyo yenye mtego. Maji ya bomba ya Mombasa yanatoka nje ya kisiwa na nje ya kaunti: Mzima, Marere, Baricho na Tiwi. Ukiuliza "mbona bomba halitoi?" mjadala utavuka mpaka wa kaunti baada ya ujumbe wa tatu. Uliza badala yake kuhusu mabomba ya mtaani, ratiba ya mgao au vioski vya maji. Hapo unazungumza na mwenye nyumba.

Jambo likiwa la taifa, usikate tamaa. Mlango wake ni Bunge la nchi, kule Nairobi, na haki ya kulipelekea ombi iko kwenye kifungu cha 119. Hatua nyingine zinabaki zile zile.

Hatua ya 2: Pata hati, na ujue kalenda

Usisubiri tangazo gazetini. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe, na kaunti zote zinafungwa nazo:

- 1 Septemba: mpango wa maendeleo wa mwaka unafikishwa bunge la kaunti.
- 28 Februari: waraka wa mkakati wa fedha.
- 30 Aprili: makadirio ya bajeti.
- 30 Juni: mwisho wa mwaka wa fedha, bajeti mpya inatakiwa iwe imepita.
- Siku 90 tangu sheria ya matumizi ipitishwe: Mswada wa Fedha, ule wenye ada na tozo.

Anayeanza hukimbilia Mswada wa Fedha kwa sababu ndio unaouma mfukoni. Kwa maoni yangu, anayetaka barabara au soko aanze Septemba. Kufika Juni pilau imeshapakuliwa, mnagombania ukoko.

Hati ukiitafuta, anza kwenye tovuti ya kaunti, kisha ofisi ya msimamizi wa wadi, kisha kwa karani wa bunge la kaunti. Chukua flashi mkononi. Wakikuzungusha, andika ombi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Sheria hiyo inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili, na ofisi inatakiwa ikujibu ndani ya siku 21. Siku 21 ni nyingi kuliko muda unaotolewa na matangazo mengi, basi ombi hilo liandike mapema, hata kabla tangazo halijatoka.

Tahadhari: hesabu kurasa. Kuna mwaka nilipewa nakala iliyoruka kutoka ukurasa wa 41 hadi wa 58. Sikutazama. Tulijadili siku tatu utangulizi na tafsiri ya maneno, kumbe jedwali la ada lilikuwa kwenye zile kurasa zilizobaki ndani ya mashine ya fotokopi.

Hatua ya 3: Igeuze hati iwe ukurasa mmoja wa Kiswahili

Hapa ndipo utakapotumia jasho, na ndipo watu hupenda kuruka. Mswada una mamia ya kurasa za Kiingereza cha wanasheria. Ukiutupa kikundini ulivyo, atakayeufungua ni mmoja, naye ataufungua ili aseme haufunguki.

Chagua vifungu vitatu, visizidi vitano, vinavyogusa watu wa wadi yako. Kila kimoja kiandike kwa mistari minne: namba ya kifungu, kinasema nini sasa, kitabadilika nini, na kinamgusa nani. Kwa mfano:

*Kifungu cha 12(b). Sasa: mkokoteni haulipi kitu cha kila siku. Mapendekezo: kila mkokoteni unaoingia sokoni ulipe ada ya siku. Inamgusa: mwenye mkokoteni, anayeusukuma, na mchuuzi anayebebewa mzigo.*

Angalia maneno. Usiandike "wadau". Hakuna mtu soko la Kongowea anayejijua kuwa mdau. Andika mwenye mkokoteni, mama wa viazi karai, dereva wa tuktuk, mpangaji. Tenganisha kodi, ada na tozo, na neno ambalo halijulikani, kama sesi, lieleze: ushuru wa mazao yanayoingia sokoni. Namba za vifungu usiziache hata kidogo. Juni 2024, vijana walipoupinga Mswada wa Fedha wa taifa, nguvu yao kwenye TikTok na X ilikuwa kwamba walikuwa wakitaja kifungu kwa namba na kukieleza kwa lugha ya nyumbani, hata ukienda kukihakiki unakikuta. Tarehe 26 mwezi huo Rais akatangaza kuwa hatautia saini. Kifungu chenye namba hakikwepeki kama malalamiko ya jumla.

Ukimaliza kuandika, rekodi ukurasa huo kwa sauti, dakika mbili tu. Wengi watausikiliza wakiwa kazini kuliko watakaousoma. Ukiwa na mtu wa kuusema kwa Kigiriama au Kidigo, mpe naye arekodi.

Kisha mpe mchunguzi asome yote mawili, ukurasa na hati, bega kwa bega. Kosa moja la shilingi likipatikana baadaye, hakuna atakayekuamini tena juu ya mengine.

Hatua ya 4: Tunga swali linalojibika

"Mnaonaje Mswada wa Fedha?" Hilo si swali, ni mwaliko wa matusi. "Mnakubali kunyonywa?" Hilo nalo jibu umeshalitia ndani, na afisa atakayelisoma ataitupa barua yote.

Swali zuri lina kifungu, lina njia zaidi ya moja, na linamuuliza mtu maisha yake:

*"Kifungu cha 12(b) kinataka mkokoteni ulipe ada kila siku. Je, ilipwe kwa siku, ilipwe kwa mwezi, au isiwepo? Wewe inakugusa vipi?"*

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yenye faida. "Napinga" wataandika wote. "Mimi siku ya mvua sipati hata mia mbili" ni ushahidi. Maswali yasizidi matatu kwa mjadala mmoja.

Hatua ya 5: Tayarisha uwanja

Kwa wadi nyingi uwanja ni WhatsApp. Si kwamba ni mzuri sana, ila ndiko watu waliko. Kikundi kimoja hakipokei zaidi ya watu 1,024. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 Mombasa, na wadi ni 30, basi wastani wa wadi moja ni zaidi kidogo ya watu 40,000. Fanya hesabu mwenyewe: kikundi kilichojaa pomoni bado si wadi. Usije ukaandika "wakazi wa Mtopanga wamesema". Andika "wakazi 212 walioshiriki wamesema".

Mambo ya kupanga:

- Fungua kikundi kipya cha mjadala huu tu. Usitumie kile cha harusi, cha mazishi wala cha timu ya mpira.
- Waalike watu kwa linki; usimwingize mtu kwa nguvu. Namba yake inaonekana na wote, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikubagui wewe kwa kuwa ni wa kujitolea. Usiombe namba za vitambulisho humo ndani.
- Ukurasa wa Kiswahili, swali na tarehe ya kufunga viwe juu ya kikundi kwa kubandika ujumbe. WhatsApp inakuruhusu kubandika hadi siku 30.
- Zima ujumbe unaojifuta. Rekodi utaihitaji.
- Masharti yawe mistari mitano: hakuna kabila, hakuna dini, hakuna picha za kampeni, hakuna kuforwadi, na kila mtu ataje kazi au mtaa wake mara ya kwanza anaposema.

Hilo la kabila si mapambo. Hapa Mombasa mjadala wa soko hugeuka "wa bara" na "wa pwani" kwa dakika nne, nimepima. Kuna Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 na ile ya makosa ya mtandao ya 2018. Futa ujumbe, mwandikie mhusika faragha, na mchunguzi aandike daftarini nini kilifutwa na kwa nini.

Hatua ya 6: Wafuate wasio mtandaoni

Msukuma mkokoteni ana kabambe, simu ya vitufe isiyo na WhatsApp. Kikundi chako cha mikokoteni kisicho na msukuma mkokoteni ni kikundi cha walimu na mawakala wa nyumba wakimsemea.

Gawa kazi: mtu mmoja asubuhi sokoni, mmoja kwenye kituo cha tuktuk, mmoja kwenye baraza za jioni. (Sisi tunaita baraza ile jiwe la kukalia mlangoni, na tunaita baraza kikao cha wakubwa. Neno moja, na sidhani ni bahati mbaya.) Uliza swali lile lile kwa maneno yale yale, andika jibu daftarini, msomee aliyelitoa, ndipo ulipeleke kikundini ukitanguliza "kutoka Kongowea, msukuma mkokoteni". Tumia SMS kwa anayetaka kujibu mwenyewe. Pwani FM au Baraka FM wakikupa dakika chache za kutangaza swali, usizikatae.

Hatua ya 7: Endesha siku tatu, usizidishe

Mjadala mrefu unachoka na kuingiwa na wenye nafasi, na wenye nafasi mara nyingi ndio wasioguswa.

Siku ya kwanza ni maswali tu. Mtu asiseme anapinga au anakubali, aulize asichoelewa. Siku ya pili ni hoja na visa. Siku ya tatu ni mapendekezo: anayepinga aseme aweke nini badala yake.

Saa iwe moja kila siku, kwa mfano saa tatu hadi saa nne na nusu usiku, watu wameshakula. Saa nyingine funga, wawe wanaandika maadmini peke yao. Ramadhani usiweke kati ya futari na tarawehe. Anza baada ya tarawehe, na ukubali kuwa mwisho utakuwa usiku mkubwa. Ijumaa mchana na Jumapili asubuhi ziache.

Siku ya pili ikienda vizuri huwa hivi:

"Salaam aleikum. Mimi nasukuma hapa Kongowea. Kila siku nilipe? Siku nyengine sipati hata mia mbili."

"Waaleikum salaam, kaka. Kwa mwezi, siku ngapi huwa hupati?"

"Kama kumi. Mvua ikishika zaidi."

"Na mkokoteni wenyewe wa kukodi," akaingia mama wa viazi karai. "Mwanangu, hebu niulizie. Hiyo ada alipe mwenye mali au anayesukuma?"

Mwongozaji hakuwa na jibu. Mchunguzi alirudi kwenye hati akakuta imeandikwa "anayeendesha mkokoteni". Mwenye mikokoteni ishirini aliyekaa nyumbani hakuguswa, wa kukodi ndiye aliyebebeshwa. Mawakili wawili walikuwemo kikundini tangu siku ya kwanza na hawakuliona.

Kazi ya mwongozaji ni kuuliza "ngapi?", "lini?", "nani analipa?", na kumnyamazisha anayesema mara ya nne kwa adabu: "Ami, tumekusikia, tena umesema jambo zito. Sasa tumsubiri ambaye hajasema." Usitoe maoni yako. Ukiyatoa, ulichonacho ni hotuba yenye wasikilizaji.

Hatua ya 8: Pima makubaliano

Kura ya WhatsApp ni rahisi, ina nafasi ya majibu 12, lakini ina ubaya mmoja mkubwa: kila mtu anaona nani amepiga nini. Mpangaji hapigi kura dhidi ya mwenye nyumba wake machoni pake. Itumie kwa mambo mepesi, kama saa ya kukutana. Kwa mambo mazito pokea majibu faragha kwa laini ya kando, au tengeneza fomu ya mtandaoni isiyouliza jina.

Ukiwa na mtu anayejua kompyuta, ijaribu programu ya Polis. Ni ya bure. Mtu anaandika sentensi fupi, wengine wanabofya nakubali, sikubali au napita. Haina kitufe cha kumjibu mtu, na uzuri wake uko hapo: ugomvi hauna pa kukaa. Taiwan waliitumia mwaka 2015 walipojadili teksi za Uber, kupitia mpango wao unaoitwa vTaiwan. Kambi mbili zilianza mbali kabisa, zikaishia kukubaliana juu ya mambo kama bima ya abiria na leseni ya dereva, na serikali ikayatumia kuandika kanuni.

Sitafuti ushindi wa 51 kwa 49. Natafuta pendekezo ambalo mwenye mikokoteni na msukuma wote wanaweza kuishi nalo. Likikosekana, andika pande zote mbili. Kamati inaheshimu barua inayokiri mgawanyiko kuliko inayodai wadi nzima imesema kwa sauti moja.

Hatua ya 9: Andika memoranda

Yaani ile barua ya maoni yenu. Kurasa mbili. Juu: kwa karani wa bunge la kaunti, jina la mswada, tarehe. Aya moja: mmejadili lini, kwa njia gani, wangapi walishiriki mtandaoni, wangapi ana kwa ana, wanawake wangapi. Halafu kila kifungu kwa mpangilio huu:

*Kifungu: 12(b).*
*Kinavyosema: ada ya kila siku, alipe anayeendesha mkokoteni.*
*Tunapendekeza kisomeke: ada ya kila mwezi, alipe mmiliki wa mkokoteni.*
*Sababu: wasukumaji wengi hukodi, siku za mvua hawana kipato, kukusanya kila siku kunahitaji watu wengi wa kukusanya.*

Neno "kisomeke" ndilo kiini. Wanakamati hawana muda wa kukutungia sheria. Ukiwapa sentensi iliyokamilika, kuna uwezekano wakainakili ilivyo. Wengi huandika kurasa sita za uchungu bila sentensi moja ya kunakili.

Sababu ya tatu hapo juu, ile ya gharama ya kukusanya, haikusemwa na mtu wa mikokoteni. Ilitoka kwa mstaafu mmoja wa ofisi. Usiidharau: sababu inayoisaidia kaunti husomwa mapema kuliko inayokusaidia wewe.

Wasomee washiriki rasimu kabla ya kuipeleka, uwape saa 24 za kusahihisha. Kisha waweke saini watu watano hadi kumi waliokubali kujulikana. Usiambatishe orodha ya namba za simu za kikundi wala faili zima la gumzo.

Hatua ya 10: Peleka, pata muhuri, rudisha jibu

Tuma kwa barua pepe na pia peleka kwa mkono, nakala mbili. Moja inabaki, nyingine inapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na unarudi nayo. Asiye na muhuri hana ushahidi kuwa alikuja. Mpe nakala mwakilishi wadi wako, na kama kuna kikao cha ana kwa ana, msukuma mkokoteni ndiye asimame, wewe ushike makaratasi.

Kisha mswada ukipita, fungua sheria yenyewe, tafuta kifungu chako, na uwaambie watu: hiki kimechukuliwa, hiki kimeachwa. Usipofanya hivyo, mwaka ujao hawatakuja, na watakuwa na haki.

Mambo yakikwama

*Watu wamenyamaza.* Angalia nani yumo kikundini. Tulikuwa na kikundi ambacho kina mama hawakuandika neno siku mbili. Kumbe wakwe zao wamo, na hapa hakuna anayembishia baba mkwe hadharani. Tulifungua kikundi cha pili cha wanawake watupu, na ujumbe wa sauti ukaanza kuingia usiku ule ule. Yaliyosemwa mwandishi aliyaleta kikundi kikubwa bila majina.

*Mwakilishi wadi ameingia na sasa wote wanamsifu.* Mkaribishe kwa heshima, mwombe asikilize siku mbili na azungumze ya tatu. Akikataa, mpe nafasi ya kuzungumza kwa ujumbe wa sauti mmoja, kisha funga kikundi mpaka kesho.

*Namba ngeni thelathini zimeingia usiku mmoja, zote zinasema neno moja.* Hao wametumwa. Badilisha linki ya mwaliko, na sharti la kutaja mtaa lifanye kazi yake: muulize kila mmoja anaishi karibu na nini. Asiyejua msikiti wala stendi iliyo jirani naye, mtoe.

*Wanauliza nauli na soda.* Waambie mapema hakuna. Bando ya shilingi ishirini kwa msaidizi wa sokoni ni sawa, lakini ukilipa maoni umeyanunua, na mpinzani wako atalisema hilo mbele ya kamati.

*Tangazo limetoka siku tatu kabla ya mwisho.* Ruka siku ya maswali, chukua kifungu kimoja tu, na peleka memoranda ya ukurasa mmoja. Katika aya ya kwanza taja tarehe uliyoona tangazo na tarehe ya kufunga, bila maneno makali. Siku moja tarehe hizo mbili zinaweza kusomwa na hakimu.

*Maoni yetu hayakuchukuliwa kabisa.* Mahakama ya Juu mwaka 2019, katika kesi ya kampuni ya sigara, ilisema ushirikishaji wa umma uwe wa kweli na usiwe wa kujipamba. Haikusema kila maoni lazima yakubaliwe. Basi uliza kwanza kama yalisomwa: omba ripoti ya kamati iliyopitia mswada, na utafute kama memoranda yako imetajwa. Ikiwa imetajwa na kukataliwa kwa sababu, jibu sababu hiyo mwaka ujao. Ikiwa haikutajwa, toa ile nakala yenye muhuri, andika ombi rasmi kwa kaunti chini ya sehemu ya 88 ya Sheria ya Serikali za Kaunti, na hilo nalo lipigwe muhuri.